Filamu Ambazo Mtoto Bado Hajazitazama

Kila asubuhi tupitapo wodini, maswali yetu huwa ni yale yale. Mtoto amelalaje? Homa ilipanda usiku? Amekula nini, ametapika mara ngapi, amepata choo? Maswali haya yana haki yake, na daktari asiyeyauliza hastahili koti alilovaa. Lakini ukiyatazama vizuri utaona kwamba yote yanahusu usiku uliopita na mwili uliolala mbele yetu. Katika majalada ya wagonjwa ambayo nimeyajaza kwa miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona mstari unaouliza mtoto huyu anangojea nini, anatamani kuona nini mwezi ujao, na angependa nani awe ameketi kando yake siku hiyo.

Makala haya yanatetea jambo dogo, ambalo baadhi ya wenzangu watalicheka. Natetea daftari. Si daftari la kliniki, wala kadi ya dawa, bali daftari linalotengenezwa kwa mkono, ambamo mgonjwa wa matibabu ya muda mrefu hubandika picha na kuandika majina ya filamu ambazo bado hajazitazama na anataka kuzitazama. Mimi ni daktari wa watoto. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya watoto, ingawa nimewaona watu wazima wakilichukua jambo hili kwa bidii kuliko wana wao.

Tuanze na wahusika wenyewe. Huku Kanda ya Ziwa tunao watoto wengi ambao hospitali kwao si mahali pa kupita bali ni makazi ya pili. Wapo wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, wanaokuja kliniki mwezi baada ya mwezi na kulazwa kila maumivu ya mifupa yanapowazidi. Wapo wenye saratani. Mojawapo ya saratani hizo ni ile ya tezi inayoitwa Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili. Aliwaona watoto waliovimba taya, na baadaye sayansi ikaonyesha kwamba ugonjwa huo unahusiana na kirusi cha Epstein-Barr kinachompata mtoto angali mdogo, pamoja na malaria inayomrudia mara kwa mara. Malaria imeshamiri kando ya ziwa, na Burkitt ipo. Habari njema ni kwamba saratani hii huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Habari ngumu ni kwamba dawa hizo hutolewa kwa mizunguko, na baina ya mzunguko na mzunguko mtoto hungoja: angoje damu ipande, homa ishuke, majibu ya maabara yarudi, dripu iishe. Anayetoka Ukerewe, Sengerema, Geita au Simiyu hawezi kwenda nyumbani kila anapopata nafuu ya siku mbili. Basi hukaa. Wengi hudhani kinachomchosha ni sindano. Kwa niliyoyaona, kungoja huchosha zaidi.

Daftari lina ndugu yake mkubwa ambaye wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wanapaswa kumjua. Katika miaka ya 1990 nchini Uganda, wanawake waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, chini ya chama chao cha NACWOLA ambacho Beatrice Were ni mmoja wa waanzilishi wake, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Dawa zilikuwa hazipatikani kwa watu wa kawaida. Mama alichukua daftari, akabandika picha, akaandika ukoo wa mtoto, siku aliyozaliwa, chakula alichokipenda, mahali walipozikwa babu na bibi, na jambo gumu kuliko yote: kwamba mama ni mgonjwa. Vitabu vile vilifanya kazi mbili. Mtoto alibakiwa na kitu cha kushika mkononi, na mama alipata njia ya kusema lililomkaa kooni. Dawa zilipofika, wapo waandishi wa vitabu hivyo walioishi na kuwasomea watoto wao wenyewe.

Nakiheshimu kitabu cha kumbukumbu. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka minane aliye katikati ya matibabu yenye nafasi nzuri ya kumponya, kumpa kitabu cha kumbukumbu ni kumtangazia msiba. Yeye anahitaji kitabu kinachotazama mbele, na filamu zinafaa sana kazi hiyo, kwa sababu filamu ambayo hujaitazama ni ahadi yenye jina. Mtoto hawezi kuandika "nataka kupona" akabandika picha yake. Anaweza kuandika "nataka kutazama ile ya simba, na kaka yangu, kwa mjomba Igoma, siku ya Jumapili." Humo mna siku, mna mtu, mna mahali. Wataalamu wa afya ya akili wanalifahamu jambo hili kwa jina lingine. Tangu miaka ya 1970, kutokana na kazi za watu kama Peter Lewinsohn wa Marekani, wamekuwa wakiwatibu watu wenye sonona kwa kuwasaidia kupanga na kutenda mambo madogo yenye kuwapendeza, bila kungoja hamu irudi kwanza. Hamu, mara nyingi, hufuata tendo. Sidai kwamba daftari ni tiba ya sonona. Nasema tu kwamba aliyelibuni, awaye yeyote, hakuwa mbali na njia.

Lipo pia jambo la historia ambalo halisemwi sana. Sinema na afya vimeoana zamani katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Tanga, Waingereza waliendesha jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Wakatengeneza filamu za kilimo, za akiba, na za afya, ikiwemo iliyohusu safura, kisha wakazungusha mashine yao kwenye lori kutoka wilaya hadi wilaya na nchi hadi nchi. Nia yao huenda ilikuwa njema. Lakini swali ambalo hawakuliuliza ni moja: ninyi mnataka kutazama nini? Tangu siku zile hadi leo, katika vyumba vyetu vya kungojea ambako runinga imefungwa juu ukutani na rimoti iko mfukoni mwa mlinzi, mgonjwa huonyeshwa. Siku zote tunamchagulia sisi. Zipo filamu za elimu ya afya ambazo nazisifu bila kusita, na tamthilia ya Siri ya Mtungi iliyoanza mwaka 2012 ilizungumza juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI bila kumkaripia mtazamaji. Hata hivyo, kuchagua nako ni sehemu ya afya. Mtoto aliyelazwa hachagui chakula, hachagui saa ya kuamka, wala mshipa wa kuchomwa. Ukurasa wa daftari ni mahali pachache ambapo neno lake ndilo la mwisho.

Sasa nieleze linavyotengenezwa, maana uzuri wake uko hapo. Mtu akinunua kaunta buku dukani, si vibaya, ila nashauri mgonjwa alitengeneze mwenyewe pamoja na mlezi wake. Jalada hutoka kwenye katoni ya dripu, ambayo ni ngumu na wodini haikosekani. Kurasa ni kalenda za mwaka uliopita: kila duka la Mwanza hugawa kalenda, na Januari ikifika ile ya zamani haina kazi, huku mgongo wake ukiwa mweupe na karatasi ikiwa nene. Kushona, tunao uzi bora kuliko wa viwanda vya vitabu, nao ni uzi wa nyavu. Mzazi aliyetoka mwaloni huwa na kipande chake mfukoni, na akina baba ambao wodini hukaa kama wageni, wasijue mikono yao waiweke wapi, hukunjua nyuso wanapoombwa kushona daftari kwa fundo lile lile wanalozibia nyavu zao. Nimemwona mvuvi aliyekuwa kimya kwa wiki mbili akianza kuzungumza na mwanawe kwa sababu ya fundo.

Picha hukatwa magazetini, kwenye makasha ya DVD na kwenye mabango ya matangazo. Zikikosekana, mtoto huchora, na mchoro wake mara nyingi huishinda picha. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, ambao kila mama wa Kanda ya Ziwa anajua kuupika.

Hapa naomba wahudumu wanisikilize kwa makini, kwa sababu daftari zuri linaweza kumdhuru mtoto. Anayepata dawa za saratani hushuka chembe nyeupe za damu, na akishuka, ukungu ambao wewe na mimi hatuujali unaweza kumuua. Gundi ya muhogo ipikwe siku ile ile, itumike, na inayobaki itupwe. Isiwekwe chini ya kitanda hadi kesho. Ukurasa ukaushwe kabisa juani kabla ya kufungwa. Daftari likianza kunuka au kuota madoa, liondolewe, na picha zikatwe upya. Magazeti yaliyofungia dagaa yasiingie wodini. Mikono ioshwe kabla na baada. Chembe sahani zikiwa chini, mtoto hatoki damu kwa urahisi ikakoma kwa urahisi. Kwa hiyo mkasi uwe ule wa ncha butu, na katika siku mbaya karatasi ichanwe kwa vidole au mlezi ndiye akate. Siku ya homa, daftari lifungwe, dawa za kuua bakteria zianze. Katika hilo sina mjadala.

Kwa upande mwingine, mkasi huo huo humfundisha daktari. Mojawapo ya dawa tunazozitegemea, vinkristini, huweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba vidole vyake vimepoteza nguvu. Atasema tu hataki kucheza. Lakini ukiwa na kurasa za majuma sita mbele yako, utaona picha za juma la kwanza zimekatwa kwa kufuata mstari, na za juma la sita zimechanwa kando kando. Hapo unamwomba ashike kalamu, afunge kifungo, atembee kwa visigino. Nakubali kwamba uchunguzi mzuri wa kawaida ungeligundua jambo hilo. Ila uchunguzi mzuri wa kawaida, katika wodi iliyojaa, ni kitu tunachokisifu mara nyingi kuliko tunavyokitenda.

Ndani ya ukurasa huandikwa jina la filamu, aliyeniambia habari zake, na ninayetaka kuitazama naye. Nusu ya chini huachwa wazi, ili ikishatazamwa mtoto aandike au achore alichokiona. Mimi nalipenda zaidi lile la tatu, la mtu. Kwa hilo nimewajua kaka walioko Nairobi, mama wa kambo wanaopendwa kuliko inavyotarajiwa, na baba ambao majina yao hayatokei kabisa.

Jina la filamu nalo lina vituko vyake. Watoto wetu wengi hawakujifunza sinema kwenye kumbi. Wamejifunza katika mabanda ya video, yale tunayoyaita vibanda umiza, ambako filamu ya Kichina au ya Kihindi husimuliwa kwa Kiswahili na mtafsiri mwenye sauti nzito anayeongeza chumvi kadiri apendavyo. Kwa hiyo hawajui majina. Wanajua "ile ya mzee anayepigana kama amelewa", wanajua "ya pili yake ile ya nyoka". Kutafuta jina halisi ni kazi ya wodi nzima: muuguzi anamuuliza mwanafunzi, mwanafunzi anatafuta kwenye simu, mama wa kitanda cha jirani anakumbuka. Na katika mabanda hayo iko kanuni moja ambayo kila mtoto wa Mabatini na Kirumba anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini steringi hafi. Nitairudia kanuni hiyo, kwa sababu watoto wenyewe huirudia.

Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake alitushangaza sote. Muuguzi alimwuliza kwa mzaha, "Na wewe bibi, daftari lako liko wapi?" Akajibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa naingia sinema pale Liberty kabla mama yako hajazaliwa." Akaanza kueleza filamu za Kihindi, jinsi watu walivyotoka ukumbini macho yamevimba kwa kulia, jinsi alivyomaliza Mother India mara mbili na mara ya tatu mume akamkataza. Alitaka aitazame mara hiyo ya tatu kabla macho hayajamwisha. Likashonwa daftari la pili. Vijana wanaoutaja mtaa wa Liberty kila siku wakipanda daladala hawajui kwamba palikuwa na ukumbi wa sinema, nami nadhani ni hasara kwao.

Wakubwa wanaotafuta cha kuandika nawashauri waanze na za kwetu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilipigwa hapa hapa Mwanza, ikazunguka dunia ikieleza habari za sangara na ndege za mizigo, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na ikazua ugomvi mkubwa na serikali yetu. Wengi wa waliofanya kazi katika viwanda vya minofu wameisikia bila kuitazama. Mtu ana haki ya kuona alivyosemwa, akubali au akatae. In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya mwaka 2012, inamfuata Josephat Torner katika harakati zake za kutetea watu wenye ualbino, na sehemu yake iko Ukerewe. Ningependa kila mhudumu wa kliniki ya ngozi aitazame. Wanaopenda kucheka waandike za King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018 na bado anawachekesha watoto ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai. T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, inasimulia urafiki unaoanzia hospitalini.

Lakini kama ningeruhusiwa kuandika moja tu katika daftari la wahudumu wenyewe, ningeandika Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ana ugonjwa usiotibika. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani kijijini. Mama anataka alale, alindwe, asichoke. Dada yake anaona kwamba kulala hivyo ni kungoja tu, na polepole kijiji kizima kinaingizwa katika hila ya kumfanya Jo aamini kwamba anazo nguvu hizo, hadi kufikia kutengeneza filamu yake yeye. Mwisho wake sitausimulia. Ila mabishano ya mama na dada ni mabishano yetu ya kila wiki katika chumba cha wauguzi, na sijapata kuyaona yameelezwa kwa haki kwa pande zote mbili kama humo. Watazame wazazi na wahudumu kwanza. Watoto walioko kwenye matibabu wasiwekewe bila mtu mzima kukaa nao.

Nimeshasikia pingamizi, tena si za wajinga. Muuguzi mmoja mwenye uzoefu kuliko mimi aliniambia, "Daktari, usiku niko peke yangu na watoto wote hawa. Nikakate picha?" Asikate. Daftari likiwa kazi ya muuguzi litakufa kabla ya mwezi kwisha, na lina haki ya kufa. Ni kazi ya walezi, ambao wana mikono na wana saa. Ni kazi ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi, ambao watajifunza zaidi kwa kukaa nusu saa na mtoto kuliko kwa kusimama nyuma ya migongo yetu asubuhi. Daktari kazi yake ni dakika moja: kulifungua, kulisoma, na kuuliza juu yake.

Wengine wanasema nauli ndiyo inayowafanya watoto waache matibabu, si kukosa filamu. Ni kweli tupu. Familia inapotoweka baada ya mzunguko wa tatu, kwa kawaida ni kwa sababu ng'ombe wa mwisho ameuzwa, au kuna watoto wengine waliobaki na njaa, au uvimbe umepungua na mtu fulani amewaambia kwamba dawa zilizobaki ni sumu bure. Daftari halilipi nauli. Anayelitumia kuficha kwamba hospitali haina mpango wa nauli, chakula na malazi ya walezi, analitumia vibaya. Zipo pia familia ambazo kwa imani yao hazitazami filamu, zisisumbuliwe.

Pingamizi zito ni la tatu, na hili lilinichukua muda. Je, tunamdanganya mtoto? Tukimwacha abandike filamu ishirini, nasi tunajua kwamba huenda hatafika ya tano, hatujamfanyia ukatili?

Nitajibu kwa kisa kimoja, ambacho nimebadilisha mambo yake ili mwenyewe na wazazi wake wasitambulike. Mvulana wa miaka kumi na miwili, kutoka kisiwa kimojawapo, saratani yake ilirudi baada ya matibabu kukamilika. Tulijua kwamba hatukuwa na dawa ya kumponya. Baba yake alitusihi tusimwambie, nasi tulikuwa bado tunashauriana naye kwa upole, kwa maana katika mila zetu habari kama hiyo hupita kwa wakubwa kwanza. Kijana hakuuliza chochote. Siku moja mwanafunzi aliyekuwa akikaa naye aliniletea daftari. Kwenye kurasa zote ambazo hazijatazamwa, pale palipoandikwa "mimi na baba", neno "mimi" lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake limeandikwa jina la mdogo wake. Ukurasa mmoja tu ulibaki na "mimi".

Nilimwonyesha baba. Alikaa nalo muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ananificha mimi." Jioni ile wakazungumza wawili, pazia likiwa limefungwa, na mimi sikuwepo, wala haikunihusu. Kesho yake kijana aliniuliza maswali mawili. La kwanza, je, itauma? Nikamweleza juu ya mofini ya kunywa, jinsi itakavyotolewa kwa saa, na kwamba maumivu yakizidi tutaongeza, hatutamwambia avumilie. La pili, je, anaweza kwenda kutazama ile moja nyumbani? Alikwenda, na chupa ya mofini, na namba ya simu ya timu ya tiba shufaa. Filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mapigano, na steringi wake hafi.

Kwa hiyo sikubali kwamba daftari hudanganya. Mtoto yule alikuwa anajua kabla yetu. Daftari lilimpa mahali pa kulisema jambo bila kumvunjia baba yake heshima. Uongo hutokea pale mtu mzima anapolishika mkononi na kusema, "Usijali, utazitazama zote." Maneno hayo yasisemwe. Akikuuliza kama atazitazama zote, mwulize angependa kuanza na ipi.

Yapo mengine machache ambayo uzoefu umenifanya niwe mkali juu yake. Filamu isifanywe rushwa ya sindano. Ukimwambia mtoto "ukilia hutatazama", umeligeuza daftari kuwa fimbo, na hataandika tena. Lisifanywe fomu, nimesikia pendekezo la kulichapa, na kuweka nafasi ya namba ya jalada na sahihi ya msimamizi, nikaomba mjadala huo ufungwe. Picha za kurasa zisisambazwe kwenye makundi ya simu, hata kwa nia ya kuchangisha fedha, maana ukurasa ni siri kama yalivyo majibu ya maabara. Filamu za watoto zifuate umri uliopangwa na Bodi ya Filamu, na mlezi ndiye aamue. Zinapotazamwa wodini, sauti iwe chini, kwa sababu kitanda cha tatu kuna anayetapika.

Na daftari ni mali ya mtoto. Akiruhusiwa, anaondoka nalo. Akihamishiwa hospitali nyingine, linakwenda pamoja na barua ya rufaa, na ni vema anayempokea alisome kabla ya barua. Akifariki, lisipelekwe kwenye chumba cha kumbukumbu pamoja na jalada, wala lisiachwe kwenye droo ya kitanda likakutwa na mtoto anayefuata. Msimamizi wa zamu alifute vumbi, alifunge kwa kitambaa safi, na amwulize mama kwa sauti ya chini kama angependa kulichukua leo au tumtunzie hadi atakapoweza. Wapo wanaolichukua pale pale wakalifunga kwenye kanga pamoja na nguo. Wapo wanaosema hapana, na mmoja wa hao alirudi baada ya miezi minne, akasimama mlangoni, na muuguzi aliyekuwa zamu alijua hasa kabati gani la kufungua.